Koili za Sedekia

Sedekia Kalinga aliipenda sigara kuliko ugali. Simsengenyi, alikuwa akisema mwenyewe. Alikuwa dereva wa lori la karatasi, Mgololo hadi Mbalizi, na hakuna mlima aliopanda bila kuwasha. Nyumbani Iringa mkewe Bertha ana pumu. Alivumilia weee, mwishowe akahamia chumba cha binti yao Frida.

“Baba Frida, nakupenda,” alimwambia, “lakini na pumzi yangu naipenda. Siku utakayoacha moshi, nitarudi.”

Mwanamume mzima alilia, jamani.

Basi akanunua sigara ya umeme, eti ndiyo ngazi ya kushukia. Kumbe aliruka majivu akakanyaga moto! Ndani ya kile kidude kuna koili, kiwaya kinachopata joto na kutoa mvuke. Koili za dukani zinauzwa kwenye pakiti, tayari tayari. Moja ikiungua, unachomoa, unachomeka nyingine, hata usukani huuachi. Sedekia akawa ananyonya kutwa nzima kama ndama. Bertha akimwona nyuma ya banda la kuku anafuka, anatikisa kichwa na kuingia zake ndani.

Siku moja Mbalizi koili zikawa hazipatikani, na Sedekia alikuwa karibu kurudia sigara. Mwenye duka akamwelekeza kwa Blandina, dada wa Kinyakyusa anayetengeneza simu.

“Baba yangu, shikamoo. Kwa nini usisuke mwenyewe?” Blandina akamwuliza.

Akampa kichwa cha sigara ya umeme kinachofunguka, chenye skrubu za kushikia koili, na waya kidogo. Akamwonyesha: zungusha waya kwenye bisibisi nyembamba, mizunguko isipandane, kaza ncha, pima kwa mita ya umeme kwanza, halafu pitisha pamba ya kunyonya kile kimiminika kinachogeuka mvuke. Sedekia akakaza pamba kama anashindilia gunia la viazi. Alipovuta ikaungua, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Blandina alicheka hadi akakaa chini, kisha akamfundisha tena, na tena, bila kununa.

Sedekia akarudi Iringa na majivuno. Kila aliyemkuta aliambiwa koili za dukani ni takataka, na kuzinunua akaacha. Lakini kusuka kunataka meza, mwanga na mikono iliyotulia. Koili ikiungua Makambako, utaisukia wapi, juu ya usukani? Ilibidi avumilie mpaka afike. Mwanzoni alifoka kwa kila mtu, hata kwa matrafiki, Mungu amsamehe. Baadaye akawa anafika nyumbani, anakula, anasahau. Na akikumbuka, anaangalia zile skrubu ndogo anaona uvivu. Uvivu huo mama yake aliulalamikia tangu utotoni. Nami nasema wazi, ndio uliomwokoa.

Jumamosi moja alikaa barazani na waya wake, akauzungusha mara mbili, akauweka chini.

“Mama Frida, leo sijisikii kusuka.”

“Tutaona,” Bertha akajibu, akaendelea kuchambua maharage.

Hakumwamini. Akasubiri mahindi yakomae, yavunwe, yakauke. Akamnusa shati, akanusa na kiti cha lori. Hakukuwa na kitu.

Ndipo wakaenda kanisani kutoa sadaka ya shukrani, Sedekia ndani ya koti lake la harusi. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Blandina wa Mbalizi, ambaye sasa yeye Sedekia humwita mwanangu na kumpelekea maharage kila safari. Akaushukuru na uvivu wake, kanisa likaangua kicheko.

Alipotaka kuketi, Bertha akachukua kipaza sauti. Hakuwa amewahi kusema mbele za watu maishani mwake.

“Na mimi nashukuru,” akasema. “Nalala na mume wangu, na asubuhi naamka napumua.”