Shati Jeupe Kwenye Viti vya Nyuma

Siku ya kwanza kazini nilifika bandarini Bukavu na kitambaa cheupe mfukoni, maana niliambiwa nije nacho. Nilidhani ni cha kujifuta jasho. Chef wa ofisi yetu ya ukaguzi wa boti alikichukua, akakishika mbele ya bomba la moshi la boti moja iliyokuwa ikinguruma, akahesabu hadi kumi, kisha akanionyesha masizi.

"Hii ni mazutu yenye haikuungua," alisema. "Mwenye bato anaitupa, na siye tunaimeza."

Chef alikuwa ametoka Matadi, kwenye meli za baharini, ambako mashine moja inaizidi nyumba kwa urefu na mkaguzi huchukua mazutu, yaani dizeli, kwenye chupa ikapimwe salfa, ile inayochoma kifua. Sisi hatukuwa na maabara. Ninyi vijana wenye vipimo vya umeme mtacheka, lakini tulikuwa na kitambaa, macho, na yule mzee. Mdomo wake ulikuwa pilipili, nami nilimpenda tangu siku hiyo.

Mwaka wangu wa tatu nilikagua boti kubwa ya abiria wa Goma. Mashine ilinguruma taratibu, kitambaa kikabaki cheupe. Nikasaini ruhusa. Jioni Chef akaniita.

"Ilikuwa na mizigo?"

"Hapana, Chef. Ilikuwa imefungwa ku port."

"Basi ulipima mashine yenye kulala. Kesho tunapanda. Uvale shemizi ya mweupe."

Kesho yake Chef, naye akiwa na shati jeupe na koti mkononi, alivipita viti vizuri vya mbele, akaenda kukaa nyuma kabisa, chini ya bomba, ambako akina mama wachuuzi wa mtaa wa Cimpunda walikaa juu ya magunia yao. Tulipotoka bandarini na mzigo ukailemea mashine, moshi ulitushukia mweusi tii. Mama mmoja alimfunika mtoto uso kwa kitenge, na bado mtoto alikohoa mpaka akatapika.

"Maman, inakuwaka hivi kila safari?" nilimuuliza.

"Kila safari, papa. Lakini bato iko na papiye ya Leta. Banasema iko muzuri."

Papiye hiyo, ile ruhusa ya serikali, ilikuwa na saini yangu. Niliona aibu ambayo sijaisahau.

"Saini ni yako," Chef aliniambia. "Uifute weye mwenyewe."

Kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Tuliporudi niliifuta ruhusa mbele ya mwenye boti, mtu aliyejuana na wakubwa wote wa mji. Akamgeukia Chef akitaka nifukuzwe kazi siku hiyohiyo. Nyumbani nilikuwa na watoto wanne.

Chef alivua koti alilovaa tuliposhuka, akamgeuzia mgongo. Shati lilikuwa jeusi.

"Nimufukuze juu ya nini? Anza kunifulia hii shemizi, kisha tutasemezana."

Boti haikuondoka mpaka ikabadilishwa sindano za kunyunyizia mazutu na bomba likapandishwa juu. Chef alifariki kabla sijastaafu, na sijaona mkubwa mwingine kama yeye.

Majuzi nilipanda boti kwenda Goma kumwona binti yangu.

"Muzee, viti ya mbele iko hapa," kijana wa tiketi aliniambia.

Nilimshukuru, nikaenda nyuma na shati langu jeupe. Tulipofika niliikagua kola: jasho tu. Machozi yalinilenga. Mama aliyekaa karibu nami alikuwa na mtoto mchanga, na mtoto alikuwa amelala uso wazi safari nzima.