Dirisha la Shangazi Tusekile

Juzi, pale Tukuyu, nilimwona fundi aking'oa madirisha ya nyumba moja ya kizamani, yale ya kusukuma juu, ili aweke ya alumini. Mikono ilianza kuniuma kabla sijakumbuka kwa nini.

Tuliishi kwenye nyumba kama ile, yenye harufu ya mbao zilizolowa. Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, manyunyu yalikuwa yakianguka, na sebuleni wageni kutoka Masukulu walizungumza na baba kwa sauti za chini. Nilidhani ni wafanyabiashara, maana walitaja ng'ombe tu. Sasa najua ilikuwa mahari. Shangazi Tusekile, mdogo wake baba, alikuwa nami chumbani, akikaa, akiinuka, akikaa tena. Mwishowe alipandisha dirisha. Kamba zake zilishakatika, na ukiliachia lilishuka kwa kishindo.

"Nishikilie hapa, mwanangu. Usiachie."

"Unakwenda wapi?"

"Msalani."

Alitupa kifurushi nje, akaruka, akapotelea migombani. Nilibaki juu ya kigoda nikimngoja, mabega yakitetemeka, nikishangaa kwa nini hakupitia mlangoni.

"Tusekile, njoo usalimie wageni," baba aliita.

Aliyeingia ni mama. Alitazama kitanda kitupu, akatazama migomba. Nilijua atapiga kelele. Lakini alifunga mlango, akaweka viganja vyake kando ya vyangu, tukalishusha dirisha taratibu, lisitoe sauti. Kisha nikamsikia sebuleni akisema wifi yake ana homa, amelala.

Baba alipogundua, shangazi alikuwa ameshafika Mbeya.