Finya Goeiemorgen

Maman Kasoki anatembeaka mbio. Kama unamukuta asubuhi ku Koekelberg, hapa Bruxelles, anashuka pale nyuma ya basilique na veste yake ya bleu, usijaribu kumusimamisha. Atakusalimia bila kusimama, na jibu yako utaambia mugongo yake.

Ana miaka cinquante-deux. Ni muntu ya Butembo, mujane, mama ya batoto trois wenye wako na manyumba yao sasa. Kazi yake ni kuosha bazee, kubavalisha na kubakulisha, ku maison de repos, nyumba ya bazee, moja ya Baflama, bale Babeleji wenye wanasema kiflama. Miaka neuf iko anafanya ile kazi. Hakuna muntu kati yetu Bakongomani ya hapa alifikiria siku moja sura yake itakuwa ku affiche. Yee mwenyewe hakufikiria.

Wakati alianza pale, kiflama alikuwa anajua neno moja tu: goeiemorgen. Njo bonjour yao ya asubuhi. Kila chumba, goeiemorgen, kisha anacheka tu, juu hana neno ya pili. Ya pili alipata kwa papa Stijn. Papa Stijn ni muzee ya quatre-vingt-douze ans, alikuwa frère ya mission, alijenga bamasomo, ma-école, miaka trente ku Beni na Butembo. Swahili yake ni ile ya kitabu, ya zamani, kama muntu anasoma barua ya serikali. Siku ya kwanza Kasoki aliingia na goeiemorgen yake, muzee akajibu: "Hujambo, mama. Umeamkaje?" Kasoki karibu aangushe beseni.

Kutoka ile siku balifanya mapatano. Wakati anamuosha, Kasoki anasema kiflama, papa Stijn anajibu Swahili, na kila mumoja anatengeneza makosa ya mwenzake. Njo vile alijifunza. Si ku masomo, ni ku sabuni.

Bon. Sasa politique iliingia namna gani? Kulikuwa asubuhi moja ya mwezi ya pili, collègue alikuwa mugonjwa, Kasoki akabakia peke yake kwa bazee trente-huit. Muzee moja alianguka ku chumba ya mwisho. Kasoki alimukuta kisha saa mbili nzima, muzee amelala chini ku carrelage, anaomba pardon juu amejikojolea. Ile pardon njo ilimuumiza. Aliandika barua ku direction. Direction ikamujibu kwa heshima: hesabu ya bantu ya kazi ku étage ni ile inaombwa, si sisi njo tunaipanga.

"Alors, nani anaipanga?" Kasoki akauliza.

Balimuambia: ba-député ya région ya Bruxelles.

"Bano bako wangapi?"

"Quatre-vingt-neuf."

"Na kati yao, nani alishaosha muzee?"

Ile swali, Paula aliisikia. Paula ni Muflama, mama yake analala ku étage ya Kasoki, na yee ni muntu ya chama moja kidogo ya Baflama. Kisha juma mbili akarudia na swali: uchaguzi ya région iko karibu, utakubali kuwa ku liste yetu? Kasoki alifikiri siku tatu, akakubali. Bakamuweka ku nafasi ya six. Chama ilikuwa inatumaini viti deux. Donc ku nafasi ya six, peke yako hauingie. Unaingia tu kama bantu mingi wanachagua jina yako, mupaka unaruka bale bako mbele yako.

Kasoki alipiga hesabu: "Bantu niko nabo."

Na kweli alikuwa nabo. Siku ya Mungu, kisha misa, bamama bote wenye carte ya Belgique balimuzunguka, ahadi zikanyesha. Papa Hilaire peke yake alikaa pembeni. Papa Hilaire ni mukubwa ya chorale, alikuwa mwalimu ya français ku Bukavu, na hata akikuomba chumvi anaiomba kwa imparfait du subjonctif, ile français ngumu ya bitabu.

"Maman Kasoki," akasema, "nasikia sasa uko muflama."

"Niko mu-Butembo, papa Hilaire. Liste njo ya Baflama."

"C'est la même chose. Umetuacha."

Bantu bakacheka, Kasoki pia akacheka. Hakujua bado kama mambo iko nzito.

Alijua kwa Rolande. Rolande ana salon ya nywele ku Saint-Josse. Ni muntu ya Kinshasa, Swahili yake aliipata ku ndoa, kwa bwana ya Bukavu. Juma sita mbele ya uchaguzi, jumamosi, salon imejaa, Rolande akasema tufanye répétition. Alichukua macarton ya mèches, zile nywele za kusukia, akachora nyuma yake bapage ya machine ya kuchagulia, moja moja, vile Paula alimuonyesha. Kisha akasimama mbele ya bamama na macarton ku kifua. Yee njo machine.

"Uchaguzi ni trois, siku moja," machine ikasema. "Europe, fédéral, région. Tuende."

Bamama bakapita moja moja, bakafinya ku carton na kidole. Kwa région, Rolande aliinua carton yenye bouton mbili: Français, na Nederlands, njo kiflama. Wa kwanza akafinya Français bila kuwaza. Rolande akaleta carton ya ba-liste ya français. Mama akatafuta, akatafuta.

"Kasoki, hauko."

"Niko."

"Nimeangalia yote. Hauko. Bamekutoa?"

Wa pili akafinya Français. Wa tatu, Français. Bamama bote onze, onze ku onze. Kasoki alikuwa amekaa chini ya casque ya kukausha nywele, akaitoa ku kichwa pole pole. Sasa alielewa. Ku Bruxelles, machine haikuonyeshe bote pamoja. Kwanza unachagua mulango: ya français ao ya kiflama. Viti soixante-douze biko nyuma ya mulango moja, dix-sept nyuma ya ingine. Yee alikuwa nyuma ya ingine. Na sisi Bakongomani, miguu yetu inatupeleka ku français bila kutuuliza. Bale bantu yake bote, zile ahadi zote za kanisa, bangeingia ku mulango ya kwanza, bakose jina yake, na bachague muntu yeyote.

"Alors munafinya Nederlands," akabaambia. "Njo tu hiyo."

Gracieuse, mwenye anafanyaka usafi ku ba-bureau ku Chaussée d'Ixelles, alikuwa nusu kichwa amesukwa, nusu imesimama juu.

"Mimi nifinye flama?" akasema. "Kasoki, nakupenda. Lakini babu yangu alichapwa na flama ku plantation ya café mupaka akavunjika meno. Ku nyumba yetu, mutoto akiwa mubaya, mama anamuambia: wewe flama. Na leo nipeleke kidole yangu mwenyewe?"

Ba wengine bakaitika. Moja akasema hata machine itamucheka. Mwingine akasema anaogopa, akifinya pale, page zote zitageuka kiflama na hatajua kurudi.

Kasoki hakubishana. Alikaa, anajipangusa maji ku shingo. Kisha akauliza, pole:

"Gracieuse, asubuhi ukiingia ku bureau, chef yako iko pale, unamuambia nini?"

"Namusalimia."

"Namna gani?"

Gracieuse akaona mutego, lakini alikuwa amechelewa. "Goeiemorgen," akasema.

"Wewe, maman Bienaimé, ku crèche?"

"Goeiemorgen."

"Wewe?"

"Mimi ni ku hôpital. Goeiemorgen."

Akapita salon yote. Kati ya bamama onze, huit balijibu lile neno moja, na tayari balikuwa banacheka.

"Donc hii neno iko ku kinywa yenu siku zote," Kasoki akasema. "Munaamka quatre heures juu yake. Miaka yote munaitumikia. Siku moja tu itutumikie sisi. Flama ya babu ya Gracieuse hayuko ku machine, alishakufa. Ku machine kuko goeiemorgen."

Rolande hakungoja. Alikamata marqueur, akafuta Nederlands, akaandika na herufi kubwa: GOEIEMORGEN.

"Répétition," akasema. "Wa kwanza."

Gracieuse njo alisimama wa kwanza, na nywele yake nusu. Akapeleka kidole kama muntu anagusa sufuria ya moto. Akafinya. Rolande akageuza carton, na pale, nafasi ya six, Kasoki.

Kutoka ile jumamosi, neno ikatembea peke yake. Rolande alifanya message ya sauti, minute moja: luga ya machine weka yako, français, usiogope. Europe, chagua mwenye unapenda. Fédéral, pia. Ikifika région, finya goeiemorgen. Na alama ya kujua kama umefinya vizuri: wenye wanapita ile mulango, machine inabaongezea swali ingine, ya parlement ya Flandre. Donc ikikuuliza mara ya quatre, ujue umefika kwa Kasoki. Ile message ilizunguka ma-groupe ya chorale, ya ba-famille, ya mutuelle ya kusaidiana. Bantu banakutana ku bus na quinze heures, banasema goeiemorgen na banacheka. Bazungu banaangalia masaa.

Papa Hilaire njo alikataa. Juma mbili mbele ya uchaguzi, kisha misa, alisimama ku mulango ya kanisa na akasema kila muntu asikie: "Muntu mwenye ana haki hajifiche kwa Baflama. Mimi nitamutafuta ku français. Kama anatupenda, atakuwa pale."

"Sitakuwa pale, papa," Kasoki akasema. "Rolande, leta macarton."

Rolande alikuwa nayo ku motokari yake. Papa Hilaire akavaa lunettes, akafinya Français na heshima yote, akaanza kusoma ma-liste, kidole ku carton, jina kwa jina. Bantu bakangoja. Alifika chini. Akarudia juu.

"Papa, umemupata?" muntu akauliza nyuma.

"Bado."

"Tukuletee chakula?"

Kanisa yote ikaangua kicheko. Papa Hilaire akatoa lunettes, akazirudisha ku étui, akaenda bila kuaga. Kasoki peke yake hakucheka. Chorale ya papa Hilaire ni bantu soixante, na manyumba yao. Kama bale bamemufuata ku français, hesabu yake imekufa.

Siku yenyewe, mwezi ya sita, jua ya kweli. Kasoki alichagua ku masomo moja ya Koekelberg, saa ya dix heures. Mbele yake ku mustari, bantu cinq, alikuwa papa Hilaire, na costume ya chorale. Hakugeuka. Akaingia ku kibanda, akakaa mule muda murefu, mupaka dame ya bureau akaenda kuuliza kama ana shida. Akatoka na karatasi yake, akaipitisha ku urne, sanduku ya kura. Kisha akapita karibu ya Kasoki, macho mbele kama muntu anabeba musalaba ku procession.

"Machine imeniuliza mara ya quatre," akasema.

Na akaendelea.

Kasoki akatoa carte yake, akaenda kuchagua.

Jumatatu alikuwa ku kazi. Chama yao ilipata viti deux, ile tulijua tangu jana magharibi. Ya kwanza ni ya mwenye anaongoza liste. Ya pili, kura za majina njo zingesema: ya Kasoki ao ya bwana ya nafasi ya pili, mwenye affiche yake ilikuwa ku kila tram. Téléphone ya Kasoki ilikuwa imefungiwa ku casier, juu ni règlement. Rolande alipiga mara vingt-trois.

Njo Paula alipanda escalier, mbio, hata ascenseur hakungoja. Alimukuta Kasoki ku chumba ya papa Stijn, anamufunga ba-boutons ya chemise. Paula akasema hesabu kwa kiflama, pumzi imekatika: ule bwana, mille cent quarante-sept. Kasoki, mille deux cent quatre. Ku Saint-Josse njo alimupita.

Kulikuwa kumebakia boutons trois. Kasoki akafunga ya kwanza. Akafunga ya pili. Ya tatu, ile ya shingo, ikakataa.

"Mama," papa Stijn akauliza na ile Swahili yake ya kitabu, "je, umeshinda?"

"Nimeshinda, papa. Inua kidevu."

Akainua. Bouton ikaingia.

Ku Saint-Josse, wakati ile ile, bamama balikuwa ku barabara mbele ya salon. Rolande anapiga sufuria ya dawa ya nywele na brosse, anaimba mama yangu kwa lingala yake, "mama na ngai, mama na ngai", na mama moja alicheza mupaka ku feu rouge na nusu ya nywele imesukwa. Tram ikangoja. Muntu ya tram akapiga kengele kwa mupigo ya sufuria.

Siku ya kuapa ku parlement ya région, ilikuwa mchana, saa ya quatorze heures. Kule, luga yenye unaapia njo inasema uko ku groupe gani, mupaka mwisho ya ile mandat ya miaka cinq. Tulijaa juu, ku nafasi ya public, safu mbili nzima, na papa Hilaire ku kati na costume ya chorale. Tuliambiwa kunyamaza, na tulinyamaza. Bakaita jina ya Kasoki. Akasimama, na kitambaa yake ya kijani ku kichwa, akainua mukono wenye umeosha bazee miaka neuf, akasema: "Ik zweer de Grondwet na te leven." Njo kusema, naapa kufuata katiba: kiflama safi, bila hata kosa moja.

Na papa Hilaire, mwalimu ya français, akatoa mukono kama anaongoza chorale. Safu mbili, sauti moja, na ya pili chini yake:

"Goeiemorgen."

Huissier, mulinzi ya salle, akainua kidole. Chini, ba-député bakageuza vichwa, kisha bakaanza kucheka, na Kasoki akaziba kinywa.

Kisha, ku couloir, député moja Muflama, muzee ya heshima, akakuja kumupa papa Hilaire mukono. Akamuelezea na français ya pole kama goeiemorgen ni ya asubuhi tu. Ya saa hii ni goeiemiddag.

Papa Hilaire akamusikiliza mupaka mwisho. Kisha akamugeukia Kasoki.

"Maman député, muambie asante. Ile ya mchana tutaisoma kwa mandat ya pili."