Plagi za Mlimani

Mume wangu alikuwa na vidole vinene, na hicho ndicho chanzo cha mimi kujua plagi. Pikapu yetu ilikuwa ya petroli, injini ya silinda sita zilizopangwa foleni moja, na plagi ya mwisho ilikuwa imejificha kule nyuma ambako mkono wake haukupita. Alihangaika nayo mpaka ngozi ikachubuka, akatukana kwa Kimatengo, lugha ya kwao mlimani, kisha akaniita kutoka jikoni. Niliingiza mkono, nikaishika, nikaifungua. Basi, ikawa kazi yangu. Kwanza ile ya sita, halafu zote.

Majirani zetu pale Mbamba Bay walicheka mpaka wakachoka. Binti wa wavuvi, ana grisi hadi viwikoni. Shangazi yangu aliniuliza kama kule Matiri, kwa wakwe zangu, walitoa mahari ya mke au ya fundi. Nikamwambia akawaulize wenyewe, nauli nitampa. Mimi sikuumbiwa mdomo wa kukaa kimya, na mume wangu alinipendea hilo, au ndivyo alivyokuwa akisema.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa huria. Kabla yake plagi ilikuwa kitu cha kuombea kibali, ukiipata unaifunga kwenye kitambaa kama dawa. Ruksa ilipoingia, kila duka Mbinga mjini likawa na plagi, zimepangwa pamoja na sabuni na kanga, boksi zinang'aa, na nyingi ni feki tupu. Wanunuzi binafsi wa kahawa nao wakaanza kugombania magunia, na mwenye gari lenye mbio alikuwa hasumbuki kutafuta kazi. Letu lilikuwa na mbio. Lilipandisha usipa, dagaa wakavu wa ziwani, likashusha mahindi na maharage, na msimu wa kahawa likawa linashinda Matiri.

Kwenye kuchagua plagi mume wangu alikuwa msumbufu, muuzaji akimwona anakunja uso mapema. Analowesha kitambaa kwa petroli, anasugua maandishi yaliyoandikwa kwenye kauri nyeupe. Yakifutika, anairudisha kaunta na kuomba nyingine. Anaipeleka juani atazame kama ina ufa. Anapima mwanya wa pale kwenye ncha kwa kijibati alichokuwa nacho mfukoni siku zote. Mimi nasimama pembeni naona aibu, kwa sababu watu wamepanga mstari nyuma yetu wanataka chumvi.

Alinifundisha kwamba plagi hazifanani. Kuna zinazotunza joto na kuna zinazolitoa haraka. Huku ufukweni gari linatambaa kwenye mchanga na kusimama kila kijiji, kwa hiyo unaweka zinazotunza joto ili ziunguze masizi, la sivyo zitaziba. Ukipanda mlima na hizo hizo, una mzigo, zitapata moto kupita kiasi. Injini itaanza kugonga, nguvu itakwisha katikati ya kona, na ukilazimisha utatoboa pistoni. Ndiyo maana tulikuwa na seti mbili, za ziwani na za mlimani. Kila safari ya kupanda nilizibadilisha mimi, injini ikiwa imepoa. Unaanza kwa vidole vitupu, na ukiona inaingia laini ndipo unashika spana. "Taratibu, fundi wangu," alikuwa akiniambia, "hufungi mlango wa jela hapo."

Alikufa kwa homa. Nasema hivyo tu, kwa sababu hata leo sina namna nyingine ya kusema. Nilibaki na binti yetu, ambaye alikuwa hajaanza shule, na pikapu imesimama nje ikiwa na plagi za ziwani, kwa sababu safari yake ya mwisho ilikuwa ya huku huku ufukweni. Nilikuwa naenda kukaa ndani yake mchana, nafunga kioo, nalia peke yangu. Nyumbani kulikuwa na watu mno wa kunituliza.

Matanga yalipoanuliwa, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alishuka kutoka Matiri pamoja na mama mkwe na dereva. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Niliwaamkia, nikawapa maji ya kunywa, na shemeji akaweka kofia juu ya goti akasema kwa upole kwamba ukoo umekaa. Mahari ilitoka yote. Mtoto ni wa ukoo, atakulia kwao na kusoma kwao. Pikapu pia ni ya ukoo. "Wewe bado kijana, shemeji," alisema. "Utaolewa, utazaa wengine."

Nilisema mengi siku ile, na mengine hayaandikiki. Nilimuuliza kama yeye angepewa mguu mwingine akikatwa huu alionao. Aliinamisha kichwa. Aliyeninyamazisha ni baba yangu mzazi. Alisema mahari aliipokea kwa mikono miwili, na mbele za watu, na hawezi leo kugeuka. Nilimtazama baba yangu nikaona hata yeye machozi yanamlenga. Hapo nikajua sina wa kunitetea.

Asubuhi ya kuondoka, pikapu ikakataa kuwaka. Ilikuwa imelala muda mrefu. Waliisukuma mchangani, ikakohoa, ikamisi, ikazima. Dereva alifunua boneti, akachomoa plagi moja, akaisugua kwa mchanga na kuirudisha, na hali ikawa mbaya zaidi. Shemeji akanijia nyuma ya nyumba nilikokuwa nimejificha. Alisema, "Shemeji, naona haya kukuomba. Lakini wanasema wewe ndiye unayeijua."

Nilikwenda. Nilipofika kwenye ile injini nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Nikisema imekufa, wangepanda lori lolote la mizigo na mtoto wangu juu yake. Lakini nikizisafisha zile zile za ziwani, pikapu ingewaka, ingeondoka vizuri, na mlima ukianza ingegonga na kuishiwa nguvu. Wangelazimika kurudi. Ningempata mwanangu siku moja zaidi, labda mbili, nimwogeshe, nimsuke tena nywele ambazo nilikuwa nimemsuka vibaya kwa haraka na hasira. Zaidi ya hapo sikuwa naota. Nilishika brashi ya waya nikaanza kusafisha.

Binti yangu alikuwa tayari amepakatwa na bibi yake kiti cha mbele, ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Alipenda sana gari la baba yake. Nikaiona ile barabara jinsi ilivyo, mvua za kwanza zimeshaanza, upande mmoja mlima, upande mwingine hakuna kitu. Nikaliona gari likiishiwa nguvu katikati ya kona, linarudi kinyumenyume, na huyo dereva wa kusugua plagi kwa mchanga ndiye aliyeshika usukani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Niliweka brashi chini, nikaingia ndani, nikatoka na seti ya mlimani.

Nilizifunga vizuri kuliko nilivyowahi kuzifunga. Nilipima kila mwanya. Nilifuta kila kauri kwa gauni langu. Nilipofika ile ya sita nililaza shavu kwenye bodi ili mkono uingie, na machozi yakaanguka kwenye injini ya watu. Mtoto akatoa kichwa dirishani. "Mama, wewe utakaa nyuma kwenye magunia?"

"Ngoja nifunge boneti kwanza," nikamjibu.

Ikawaka mara moja. Shemeji alinishukuru, akasema imekuwa mpya. Nilisimama barabarani nikaisikiliza ikienda, na Mungu anisamehe, bado nilikuwa naomba imisi hata mara moja. Haikumisi. Niliisikia ikibadilisha gia, ikavuta, ikapotea.

Binti yangu aliporudi kunisalimia alikuwa msichana mkubwa, mrefu, ana vidole vya baba yake. Walikuwa wamemlea vizuri, siwezi kusema uongo. Nilimpokea mlangoni nikimsemesha Kinyasa, lugha yetu ya ziwani, yale maneno niliyokuwa nikimbembelezea alipokuwa mgongoni mwangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akatabasamu kwa adabu, akaniambia kwa Kiswahili, "Samahani, mama. Sijaelewa."