Nani Anaosha Sufuria Katika Mji wa Haki

Tuliishi watu sita katika nyumba moja ya zamani mtaa wa Berea, ugenini kusini mwa Afrika. Wanawake tulikuwa wawili tu: mimi Mkongo, msusi wa saluni, na dada mmoja Mrundi aliyeuza simu. Mkubwa wetu alikuwa kaka mmoja aliyekuwa akisoma fasihi chuo kikuu. Tasnifu yake ilihusu riwaya za Wamarekani wa karne ya kumi na tisa, zile zinazobuni miji isiyo na tajiri wala maskini, ambako watu hugawana kazi na kula meza moja.

Jumapili baada ya ibada alitusomea sebuleni, akitufasiria kwa Kiswahili. Nilizipenda sana hadithi zile. Nilikuwa nimekimbia vita, na sikujua kama kuna mtu aliyewahi kukaa akafikiria jinsi ya kuishi bila kudhulumiana.

Akapendekeza nasi tuishi hivyo, jiko moja na zamu sawa. Tukakubali wote. Wiki ya kwanza zamu zilifuatwa. Ya pili wanaume wakawa na mikutano, mwingine mgongo ukamuuma. Mwezi haujaisha, mimi na yule dada tukawa tunashuka kwenye teksi kutoka kazini na kwenda moja kwa moja kusonga fufu, ugali wa kwetu, wao wako mezani wanajadili usawa.

Siku moja kaka alileta wenzake wa chuo waone nyumba yetu ya mfano. Mgeni mmoja aliniuliza nimejifunza nini katika vitabu vile. Kabla sijajibu, kaka akasema, "Huyu anatusaidia jikoni."

Niliweka sinia chini. "Kaka, katika ule mji wako, sufuria zinaoshwa na nani?"

Akacheka, akasema waandishi hawakuingia katika mambo madogo kama hayo.

Madogo! Mikono yangu ilikuwa imepasuka kwa sabuni. "Basi walikuwa na mtu wa kuwaoshea," nikamwambia mbele ya wageni wake, "ndiyo maana hawakumwona."

Tangu siku ile mimi na yule dada hatukuwapikia tena. Kila mwanaume akawa anajinunulia mkate wake. Mwishowe sisi wawili tukahamia chumba kimoja Pinetown, nje ya jiji.

Kaka alipata shahada yake. Tasnifu niliisoma mwenyewe, kamusi mkononi. Sura ya mwisho inaeleza nyumba yetu: jaribio lilishindwa, ameandika, kwa sababu baadhi ya wakazi hawakuwa tayari kujitolea.

Baadhi hao ni mimi. Sijamsamehe.