Kvernbekken kwa Makofi Matatu

Borghild alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minane, na kila mtoto wa bonde lile alipitia mikononi mwake kujifunza kukata maneno kwa makofi. Maneno ya Kinorwei yanapenda kuungana, mawili, matatu, ukilitamka moja pumzi inakata. Jokofu peke yake ni makofi matatu: kjø-le-skap. Basi mwezi wa tatu kiharusi kikamwangusha jikoni, na tangu hapo kila neno likawa linamtoka nusu. Kichwa kinakuja, mkia haupo.

Mumewe Gudmund, mfuga kondoo, ndiye akawa mkia. Mke akianza, yeye anamalizia. Ni mapenzi, lakini mapenzi mengine, jamani, ni balaa! Mtaalamu wa matamshi alimwonya mara ngapi: "Mzee, mwache amalize mwenyewe." Anaitikia vizuri kabisa, kisha anarudia yale yale.

Septemba akaja Turid wa manispaa. Kondoo walikuwa wa kushushwa mlimani, Gudmund hatalala nyumbani siku nne, na manispaa ilitaka kujua jambo moja: Borghild akianguka peke yake, ataweza kuwaambia watu wa ambulensi yuko wapi? Akiweza, anabaki kwake. Akishindwa, anahamia nyumba ya wazee, kilomita arobaini. Maana bondeni mashamba matatu yanaanza na Kvern: Kvernhaugen, Kvernmoen, na hili lao, Kvernbekken. Ukiishia kwenye Kvern, gari litakwenda kwa jirani.

Turid alimaliza kahawa yake kwanza. "Haya, Borghild. Mimi ndiye ambulensi. Uko wapi?"

Borghild akapiga kofi. "Kvern..."

Akainua mikono apige la pili, ikabaki hewani. Jasho likamtoka. Gudmund akaushika ukingo wa meza, akatazama dirishani. Roho ilikuwa inamuuma vibaya.

"Bekken!" likamponyoka. "Kvernbekken! Anajua huyu, wallahi anajua!"

Turid akaweka kalamu chini. "Ah, Gudmund."

"Nisamehe. Muulize tena."

"Nikimuuliza tena atakuwa anakufuatisha wewe. Tutamjaribu baada ya Krismasi; mpaka hapo atakaa nyumba ya wazee."

Gudmund akabembeleza, wapi! Turid alikuwa mlangoni anavaa viatu makofi yaliposikika jikoni, moja, mbili, tatu.

"Kvern-bek-ken," alisema Borghild. Jina zima, safi.

Turid akabaki na kiatu kimoja mguuni. "Nimesikia," akasema, na ilionekana imemuuma. "Lakini umeshamtajia, Gudmund. Siwezi kuliandika."

Gudmund akarudi jikoni akakaa karibu na mkewe.

"Nilitaka kukusaidia tu, mke wangu."

Borghild akamshika mkono. Akafungua kinywa, akatafuta neno, akalitafuta tena, na kwa mara ya kwanza Gudmund hakujua alitaka kusema nini.