Gitaa la Baba Bado Halijakauka

Majira yote ya baridi yaliyopita nilikuwa na vumbi la rangi puani. Nilikwenda nalo kazini, nikarudi nalo, nikapiga chafya ndani ya basi na kuikuta leso imekuwa ya buluu. Sababu ilikuwa gitaa la umeme la baba yangu. Nilikuwa nimejitwika kazi ya kulipaka rangi upya kwa mikono yangu, katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya kumi na moja, Scarborough, huku Kanada, mimi ambaye kabla ya hapo sikuwahi kupaka rangi hata kigoda.

Baba alikuja kuishi nami baada ya mama kufariki. Alishuka uwanja wa ndege na sanduku moja la nguo, na gitaa limeviringishwa kwenye blanketi. Ujana wake wote alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi Dar es Salaam, na mpaka leo watu wa rika lake wakimwona kwenye sherehe humfuata kumshika mkono. Gitaa lenyewe lilikuwa limechoka. Zamani lilikuwa jekundu. Bendi ilipobadilisha sare, baba akalipaka buluu kwa brashi, kwa rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka geti. Sasa buluu hiyo ilikuwa imevimba na inabanduka vipande vipande, na kila ulipolishika ulibaki na magamba mkononi.

Kanisani kwetu tuna misa ya Kiswahili mara moja kwa mwezi. Jumapili yake ya kwanza pale, mwalimu wa kwaya alimuuliza mbele ya watu, "Mzee, utatupigia lini?" Baba akacheka. "Gitaa lenyewe linatia aibu, mwalimu. Likishapakwa rangi, nitapiga." Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Tangu msiba wa mama sikuwa nimemsikia akipiga hata wimbo mmoja, na mwaka ule sikutaka kitu kingine zaidi ya hicho.

Nikamwambia nitatafuta fundi. Akakataa katakata.

"Fundi wa nini, mama?" Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Mafundi wa huku watalifanya kama la dukani. Fanya wewe. Una mkono mzuri."

Tangu lini? Nilipokuwa darasa la nne alinipiga marufuku kupiga viatu vyake rangi, eti naacha mabaka. Lakini mtu husahau haraka mambo kama hayo akisifiwa na baba yake, hata akiwa na miaka hamsini na magoti yanayolalamika. Nikavimba kichwa. Nikaenda kununua msasa.

Ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nawaogesha, nawavisha, nawafunga vifungo, nawalisha, nawageuza kitandani. Zamu ikiisha saa tisa, miguu imejaa na mgongo si wangu tena. Ndipo nilipokuwa nafika nyumbani, navaa barakoa, natandaza magazeti ya bure juu ya meza ya jikoni na kuanza kusugua. Buluu ilitoka kwa shida. Chini yake nyekundu, chini ya nyekundu mti mweupe, laini. Nilifurahi siku nilipouona ule mti. Nadhani ndiyo siku pekee niliyofurahi katika kazi ile.

Rangi ya kwanza niliipulizia kwenye kibaraza, Novemba, nikiwa nimevaa koti na glavu. Maelekezo kwenye kopo yalisema isipulizwe kwenye baridi, lakini mimi nilisoma jina la rangi tu. Haikukauka, ikakunjamana kama maziwa yaliyoganda juu. Nikasugua yote. Ya pili niliipulizia bafuni, gitaa likining'inia kwa henga ya nguo kwenye bomba la pazia. Ikachuruzika, halafu harufu ikaenda kwa jirani, na msimamizi wa jengo akaja kunipa onyo la maandishi. Nikasugua tena. Ya tatu ilikauka vizuri kabisa, pamoja na manyoya ya taulo.

Kila mara baba alilipeleka dirishani, akaligeuzageuza kwenye mwanga, akatafuta kasoro kwa utulivu kama anayechambua mchele.

"Hapa pana bonde."

"Nimeliona, baba."

"Na hapa rangi imelia. Rudia tu, mama, taratibu. Hakuna haraka."

Hakuna haraka! Ilikuwa rahisi kwake kusema. Nilinung'unika kimoyomoyo, wakati mwingine hata kwa sauti, naye alijifanya hasikii. Siku za kusugua alikuwa mchangamfu ajabu. Alikaa karibu nami na kikombe chake cha chai, akanisimulia habari za bendi, nani alitoroka na mke wa nani, nani alilala jukwaani amesimama. Sikuwa na nguvu ya kumsikiliza vizuri. Leo ningetaka kuzisikia tena zote.

Wakati huohuo alianza kula ugali kwa kijiko. Nikamtania sana. "Baba, umekuwa mzungu kabla hata ya kupata karatasi za ukaazi!" Akacheka, akasema Kanada imemharibu. Mashati pia aliacha, akawa anavaa masweta ya kuingiza kichwani, na kikombe akakishika kwa viganja viwili. Nikasema ni baridi tu, mtu mzima akijipasha moto.

Februari mwalimu wa kwaya alinipigia simu. Wameshamweka baba kwenye ratiba ya Pasaka, baada ya komunyo, wimbo mmoja, gitaa peke yake. Nikalitazama gitaa lenye manyoya. Nikajitazama na mimi. Basi nikamdanganya baba kwamba nalipeleka kwa mwenzangu wa kazini mwenye gereji yenye joto, nikalitia kwenye mfuko mweusi wa taka, nikapanda treni na mabasi mawili hadi Mississauga kwa fundi wa magitaa niliyeelekezwa.

Alikuwa Mgoa mzaliwa wa Nairobi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba. Nilipompa shikamoo aliacha alichokuwa anafanya, akaitikia marahaba na kunivutia kiti. Akalitoa gitaa mfukoni. Akalitazama kwa muda.

"Hii kazi umefanya wewe?"

"Mimi."

"Pole," akasema, na alimaanisha. "Naondoa yote naanza mwanzo. Wiki tatu. Baba yako bado anapiga?"

"Anapiga. Pasaka anapiga kanisani."

"Na amekuachia wewe ubebe gitaa yake kwa basi?" Akanitazama juu ya miwani. "Anataka nyuzi nene ama nyembamba?"

Nilimpigia baba palepale kumuuliza, nikasingizia kwamba yule mwenzangu wa gereji ana nyuzi za aina zote mbili. Baba, mtu aliyewahi kununiana na mpiga besi mwezi mzima kwa sababu ya uzi mmoja, akajibu, "Zozote tu, mama." Nikafurahi kwamba nimepata jibu jepesi, nikamwambia fundi aweke nyembamba.

Wiki tatu baadaye sikuamini macho yangu. Lilikuwa jekundu kama lilivyozaliwa, vanishi imelala juu yake bila bonde wala manyoya, ukiinama unaona uso wako. Nililibeba kwenye basi nikiwa nimelipakata, nikikinga viwiko vya watu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Baba alilipeleka dirishani kama kawaida. Akaligeuza mbele, nyuma, ubavuni. Akaligeuza tena. Nilimwona anatafuta na hapati. Nikadhani amezidiwa na furaha.

"Haya baba," nikasema. "Kidogo tu. Ule aliokuwa anaupenda mama."

Akakaa. Akaliweka pajani, na mkono wa kushoto ukaenda shingoni penyewe, kwa mazoea. Vidole havikukunja. Alivisukuma juu ya nyuzi kwa kiganja, kidole cha kati kikapanda juu ya mwenziwe na kubaki hapo, na uzi ukatoa mlio mmoja mbovu, mfupi. Akajaribu tena. Kisha akaushusha mkono, akauficha chini ya gitaa.

"Rangi bado mbichi, mama," akasema bila kuniangalia. "Inanata."

Ilikuwa kavu kama sahani.

Viungo vile vilivyovimba nimevishika maelfu ya mara kazini. Nikiviona kwa mzee wa watu najua mara moja: huyu asifunge vifungo, huyu apewe kijiko. Kwa baba yangu nilikuwa nimecheka. Nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni. Tangu mwanzo hakuniambia hawezi, kwa sababu wanaume wa rika lake hawasemi hivyo. Husema bado, na sisi watoto wao tulijua zamani kusikiliza hilo neno na kunyamaza. Nimekaa huku miaka mingi mno. Nilimsikia mtu akisema bado, nikaenda kununua msasa, na nilipochoka kuharibu nikamtafutia fundi hodari ammalize.

Nikaenda kuligusa gitaa kwa kidole.

"Kweli," nikasema. "Inanata. Nilijua yule mwenzangu ana papara."

"Si kosa lake. Baridi hii."

"Itabidi niisugue, nianze upya."

Akainua macho. "Itachukua muda gani?"

"Kwa kazi zangu hizi, baba? Si leo wala kesho."

"Usijichoshe," akasema, na mabega yake yakashuka.

Nilimpigia mwalimu wa kwaya mbele yake, nikasema kwa sauti kwamba gitaa bado halijakauka, Pasaka haitawezekana, lawama zote ni zangu. Kisha nikatandaza magazeti mezani, nikachukua msasa. Mkono wangu ulikataa kidogo kuigusa ile kazi ya watu. Nikaanzia nyuma, mahali pasipoonekana, na vumbi likaanza kutoka, safari hii jekundu. Baba akavuta kiti karibu. Akaanza habari ya yule mpiga tarumbeta aliyesahau viatu Morogoro, na mimi, pamoja na uchovu wangu wote, nikaisikiliza mpaka mwisho.

Jioni nilisonga ugali. Nikaweka mezani vijiko viwili.